Mtihani Ndani ya Matanga

Wengine wanaorudi kutoka Beni huleta kakao au mafuta ya mawese. Sadrack, mume wangu, alileta masomo. Alikuwa dereva wa depo ya dawa ya kanisa, na kila juma gari lake lilikwenda Beni na kurudi kwetu Butembo, mashariki ya Kongo. Kule Beni depo ilikuwa na mtandao wenye nguvu. Vijana wakishusha makarto ya dawa, yeye aliketi kwenye ngazi akiingiza video ndani ya simu. Akifika nyumbani kwetu, mtaa wa Kimemi, hata kabla hajanawa, alisema:

"Mama Christa, profesa amefika. Mupatie kiti."

Profesa alikuwa mwanamke mwenye miwani, wa chuo kikuu cha ng'ambo. Alisema Kifaransa cha polepole, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Kozi yake ilikuwa ya bure, na waliokuwa wakiifuata wangeweza kujaza miji mingi. Ilifundisha namna ya kutunza chanjo: joto lake, baridi yake, safari yake kutoka frigo kubwa hadi mkononi mwa muuguzi kijijini. Sadrack aliiona kwanza kwenye simu ya mtu mwingine, akaniandikisha mimi, si yeye mwenyewe. Alisema mikono yake tayari ina volani ya gari, yangu haina kitu.

Mimi niliishia kwenye diplôme d'État, cheti cha kumaliza sekondari. Nilipoolewa nilijua shule imekwisha, kama vile mtu anavyojua kwamba mvua imekwisha. Sasa nilikuwa nakaa mezani kila jioni ya juma, simu ikiwa imeegemezwa kwenye chupa ya mafuta, na Sadrack akinisomea maswali kwa sauti. Yeye alisoma, mimi nilijibu. Nikikosea alipiga meza kwa kijiko.

"Élève Rébecca, nani alikufundisha hivyo?"

"Wewe."

"Basi tutafukuza mwalimu."

Nilishangaa kujua kwamba chanjo nyingine zinaharibika kwa baridi kuliko kwa joto. Sisi wote huku tunaogopa joto tu. Profesa alieleza kwamba pakiti ya barafu ikitoka kwenye friza haiwekwi mara moja pamoja na chanjo. Inaachwa mezani kwanza, itoke jasho, na ukiitikisa karibu na sikio usikie maji yakitembea ndani. Sadrack aliazima barafu kwa mama anayeuza maji baridi pale rond-point, kwenye mzunguko wa barabara. Alichukua chupa ndogo za maziwa ya unga yaliyokorogwa, akaziita chanjo. Christa, binti yetu wa miaka kumi, ndiye alikuwa wa kutikisa barafu.

"Inasema?"

"Bado, papa. Imenyamaza."

"Basi isikaribie chanjo yangu."

Tulicheka sana siku ile. Naandika hili kwa sababu watu wanakumbuka kifo chake, na mimi nataka jambo hili nalo likumbukwe.

Majaribio ya kila juma niliyapita yote. Docta Ésaïe, mkubwa wa depo ya Beni, alimwambia Sadrack kwamba mtunza frigo wake anaondoka mwishoni mwa mwezi. "Bibi yako alete certificat ya ile kozi, njo kazi iko yake," alisema. Hata hiyo certificat, yaani cheti, ilikuwa ya bure kwa watu wa nchi kama yetu. Ilibaki mtihani wa mwisho tu, na huo ulifanywa mara moja tu, bila kurudiwa, mbele ya kamera, kabla ya siku ya Ijumaa ambayo kozi ingefungwa.

Juma lililotangulia ile Ijumaa, gari lililobeba mbao lilikosa freni kwenye mteremko, likamkuta Sadrack akirudi.

Tulimzika Jumatatu. Nyumba ilijaa. Viti vya kanisa vililetwa uani chini ya hema, na ndani tulitandika mikeka. Familia yake ilitoka Lubero. Wao ni watu wa Luofu, lakini vita viliwatoa huko, na sasa wanalima viazi Lubero kwenye shamba la kukodi. Alikuja Zacharie, kaka yake mkubwa, na akaja shangazi yao, tante Kahongya, mwanamke mzee, mwembamba, asiyesema sana. Yeye ndiye aliyewekwa karibu nami. Kwetu mfiwa haachwi peke yake. Anayeachwa peke yake anaweza kukataa chakula, anaweza kutoka usiku akapotea, au marehemu anaweza kumwita na yeye akaitikia. Tante Kahongya aliifanya kazi hiyo kwa moyo wote. Nikienda chooni alisimama nje akikohoa, ili nijue yupo. Nikiamka, mkono wake ulikuwa tayari juu ya bega langu.

Siku ya pili Zacharie alikaa karibu na mkeka wangu. Si mtu mbaya. Alivua kofia kabla ya kusema.

"Mama Christa, siko nakufukuza. Nyumba ni yako mpaka mwenyewe utachoka. Mais mutoto ni wa ukoo. Hapa Butembo utamulisha na nini? Tutamupeleka Lubero, atasoma kwa bamasista."

"Shemeji, mimi ni mama yake."

"Najua. Kama ungekuwa na kazi ya mushahara wa mwezi, hakuna mutu angefungua kinywa. Hata miye singefungua. Sasa nitasema nini mbele ya bazee?"

Nilimwambia habari ya Beni. Nilimwambia kwamba umebaki mtihani mmoja. Alifikiri, akageuza kofia mikononi.

"Basi fanya. Ukileta ile karatasi, miye mwenyewe nitasema mutoto abakie."

Ndipo nilipotuma mtu kumwita Apollinaire, jirani yetu anayetengeneza simu na kuandika barua za watu kwenye duka lake la mbao. Sikuweza kwenda kwake. Mjane hatoki nje wakati wa matanga. Alikuja yeye, Alhamisi mchana, mvua ikinyesha, ordinateri, kompyuta yake ndogo, ikiwa chini ya koti na modemu mfukoni. Alipopita chini ya hema niliwasikia wanawake.

"Ule analeta televizyo ku kilio?"

"Labda kuko match."

"Munyamaze, ni bintu ya masomo."

"Masomo! Kaburi hata haijakauka, bibi yake anarudia ku masomo."

"Acha, masomo iko muzuri. Weye ungesoma, hungekuwa na ule kinywa."

Walicheka, kisha wakakumbuka walipo.

Apollinaire aliweka mashine kwenye meza ndogo ya chumba cha kulala. Alinisomea masharti. Niwe peke yangu chumbani. Mlango ufungwe. Sura nyingine isionekane, sauti nyingine isisikike. Macho yangu yabaki kwenye kioo. Nikigeuza kichwa mara nyingi, mashine itaandika kwamba naibia mtihani. Nilizungusha kamera, ikaona kitanda, ukuta, nguo za Sadrack zilizotundikwa. Ilitazama carte d'électeur yangu, kadi ya mpiga kura, ikatazama uso wangu usio na kitambaa na wenye macho yaliyovimba. Ilifikiri kwa muda. Ikakubali.

"Umeona?" Apollinaire alisema. "Hata machine inakujua. Sasa natoka. Hata miye sina ruhusa."

Mlangoni nilimweka Vagheni, rafiki yangu wa kwaya, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya bonde. Aliweka kiti chake kikaziba mlango wote.

"Hapa hakuna atapita. Pasteur mwenyewe atapita juu yangu."

"Na tante?"

"Tante nitamwambia umelala. Nani ataamusha mufiwa mwenye amepata usingizi?"

Lilikuwa wazo zuri. Tante Kahongya alipoambiwa nimelala alimshukuru Mungu kwa Kinande, lugha yetu, akachukua beseni la viazi, akaenda kumenya uani. Alikaa chini ya dirisha langu, kwa sababu hapo ndipo alipoweza kuwa karibu.

Nilianza. Maswali ya kwanza yalikuwa rahisi, nikayajibu kwa moyo mtulivu ambao sikuutegemea. Mtandao haukukatika. Kurant, yaani umeme, haikukatika. Mambo yote tuliyoyaogopa miezi ile hayakutokea. Nje mvua ilikuwa imepungua, watu waliimba wimbo wa polepole, na mimi nilikuwa nimepita nusu.

Kisha likaja swali la barafu. Muuguzi ametoa barafu kwenye friza, ameiweka moja kwa moja kwenye sanduku pamoja na chanjo, ametembea asubuhi nzima. Ni chanjo gani hapaswi kuwapa watu, na atajuaje? Nililijua. Lakini nilikuwa nimezoea kulisikia, si kuliona, na maneno ya Kifaransa yalianza kuogelea. Nililisoma kwa midomo, kwa sauti ndogo sana, kama Sadrack alivyosoma. Kisha nikajibu, nayo kwa sauti ndogo, kama nilivyozoea kumjibu yeye.

Kisu cha viazi kikanyamaza chini ya dirisha.

Nikasikia ndara zake zikizunguka nyumba. Nikasikia mlango wa sebule. Nilikuwa nimenyooka kwenye kiti, macho kwenye kioo.

"Vagheni, fungua."

"Tante, amelala."

"Kama amelala, anaongea na nani?"

Vagheni, aliyesema atamzuia hata pasteur, akakibana kiti chake mlangoni. Nami nisingeweza kumsaidia. Nikiita, ni sauti. Nikigeuka, ni kuibia. Nikisimama, kamera inapoteza uso wangu. Nilibonyeza jibu, swali jingine likaja, nikalitazama bila kuliona. Nilimwomba Mungu ampe Vagheni neno moja tu.

"Tante, subiri kidogo tu…"

"Nisubiri mpaka amuitikie? Toka, mwanangu. Toka."

Kiti kikasogea. Nani angemzuia shangazi wa marehemu asifike kwa mjane wake? Mlango ukafunguka, ukafungwa tena polepole kwa heshima. Kitanda kikalia nyuma yangu. Mkono wenye harufu ya viazi vibichi ukakaa kwenye mgongo wangu, na nikaiona sura yake ndogo kwenye pembe ya kioo, karibu na yangu.

"Niko hapa, binti yangu," alisema kwa upole. "Akikuita, usimuitikie. Muache aende."

Kioo kikawa chekundu. Kikaandika kwamba mtu wa pili ameonekana, kwamba maongezi yamesikika, na kwamba mtihani umefungwa. Chini yake kulikuwa na neno la kunitakia mafanikio.

Tante alitazama ile rangi.

"Mashine imekasirika?"

"Hapana, tante. Imezimika tu."

"Basi nayo ipumuzike."

Alinivuta nikae naye kitandani. Alinishika hivyo mpaka giza likaingia, akinipapasa kichwa, akiniambia habari za Sadrack alipokuwa mdogo, jinsi alivyokuwa akiogopa bata. Mimi nililia, naye alifurahi kwamba ninalia, kwa sababu mfiwa anayelia amerudi kwa watu.

Asubuhi ya Ijumaa Apollinaire alisoma yote na akakuna shingo. Zacharie alikuja kusikiliza. Alipoelewa alikasirika, lakini si kwangu wala kwa shangazi yake.

"Chef wao anaikala wapi?"

"Haiko chef, papa Zacharie. Ni machine njo inaangalia."

"Machine ina mwenyewe. Hata moulin ya kusaga mihogo ina mwenyewe."

"Mwenyewe anaikala ng'ambo."

"Basi tumupigie."

"Numero haiko."

"Bureau?"

"Haiko."

"Sasa mutu akikosewa anaenda kwa nani?"

Apollinaire alionyesha kisanduku kidogo chini ya ukurasa. Hapo unaandika malalamiko. Zacharie alivuta kiti, akavua kofia kana kwamba ameingia kwa mtu.

"Sawa. Andika. Anza na salamu. Uliza habari ya familia yake."

Apollinaire alimtazama, akaandika. Zacharie alitaja jina la baba yao, na Luofu walikotoka, na jinsi Sadrack alivyokufa, na kwamba huyu mwanamke si mwizi bali ni mfiwa, na kwamba aliyeingia ni shangazi, na shangazi hafukuzwi. Yalikuwa maneno mazuri. Mbele ya wazee yangetosha. Apollinaire alipobonyeza, kisanduku kilikataa: maneno ni mengi.

"Tukate nini?"

"Salamu."

Zacharie alisita. "Mutu atatusikiliza bila salamu?"

Walikata salamu. Kisanduku kikakataa. Walikata Luofu, wakakata jina la baba yao. Kikakataa. Walikata gari la mbao. Mwishoni yalibaki maneno machache ya Kifaransa kusema kwamba kulikuwa na matanga na shangazi aliingia. Hayo yalikwenda.

Jibu lilifika kabla Apollinaire hajanywa chai yake. Lilishukuru. Lilisema kwamba uamuzi umekaguliwa na umebaki vilevile, na kwamba kila mwanafunzi ana nafasi moja, ili wote wawe sawa. Tarehe ya kozi nyingine haikujulikana. Tuliandika pia pale wanafunzi wanapozungumza wao kwa wao. Mmoja wa Madagascar aliniandikia pole ndefu na nzuri, akauliza jina la mume wangu. Mmoja wa Senegal alisema yeye alitolewa kwa sababu ya jogoo. Mwingine, hakusema anatoka wapi, aliandika kwamba sheria ni sheria na ningefunga mlango kwa ufunguo.

"Kwa ufunguo," Zacharie alisema. "Mufiwa, mumufungie na ufunguo." Alitikisa kichwa kwa muda mrefu.

Tante Kahongya aliona nyuso zetu. Aliniuliza jikoni, akiosha masufuria, bila kunitazama:

"Binti yangu, niliharibu kitu?"

"Hapana, tante. Wasingya." Ndivyo tunavyoshukuru kwa Kinande. Nilimshukuru, na nilikuwa nasema kweli. Sikujua namna ya kusema kweli ile nyingine.

Matanga yalipokwisha nilikwenda Beni. Nilipanda gari la depo. Dereva mpya alikuwa kijana mwenye adabu, hakupiga muziki. Docta Ésaïe alinipokea amesimama, akanishika mikono yote miwili. Alisema habari nyingi nzuri za Sadrack. Kisha akakaa.

"Mama Rébecca, miye najua unajua. Bwana yako alikuwa ananionyesha points zako, alikuwa anajivuna kama ni zake. Mais bailleur, ule anatoa feza, anaomba karatasi. Niliandika mara ya kwanza, nikaandika tena. Wanasema: soit certificat, soit hapana."

"Ningeweza kungoja kozi nyingine."

"Chanjo haziwezi kungoja."

Hilo nililijua. Lilikuwa somo la kwanza la profesa. Kupitia mlango uliokuwa wazi nilimwona mtunza frigo mpya, mwanamume mwenye koti jeupe la kazi, akiinama mbele ya frigo, akisoma joto. Alinisalimu, nikamsalimu. Docta aliniuliza kama nitakula. Nikasema nimeshiba.

Kikao cha familia kilifanyika sebuleni kwangu, Jumapili baada ya ibada. Wazee walikuwa wachache, na hakuna aliyepaza sauti. Zacharie alisimama akasema kwamba nilijaribu, na kwamba yeye mwenyewe aliona nilivyojaribu. Alilisema vizuri. Kisha akakaa, na mzee mmoja akauliza kama kuna kazi. Zacharie akatazama sakafu. Mzee akaniuliza mimi. Nikasema hakuna.

"Basi mutoto aende," alisema, "mpaka Mungu afungue njia."

Vagheni alilia kuliko mimi. Bado anaamini kwamba kiti chake kilikuwa chepesi mno.

Siku ya safari tante Kahongya alimvalisha Christa masweta mawili, kwa sababu Lubero kuna baridi. Zacharie alifunga begi lake juu ya magunia. Dereva alipiga honi, akitaka kutangulia mvua. Christa alitoa kichwa dirishani.

"Mama, utakuya siku gani?"

"Nikipata kazi."

"Kazi gani?"

Nilitafuta neno. Gari lilikuwa limeanza kutembea, na yeye alikuwa bado ananitazama, akingoja, kwa hiyo nikatembea kando ya dirisha mpaka barabara ilipoanza kupanda na mwendo wangu haukutosha tena.